Kisima Chenye Harufu: Tuliyojifunza Dodoma

Mara kwa mara wanachama wetu wa Pemba na wa Unguja hutuuliza juu ya maji ya kisima yaliyogeuka harufu. Mmoja husema maji yake yananuka yai viza, wa pili husema yananuka mafuta ya taa, na wa tatu husema hayanuki kitu lakini watoto hawaishi kuumwa matumbo. Mpaka sasa tumekuwa tukijibu kwa maneno machache. Leo twataka kulieleza jambo hili kwa urefu, kwa sababu tumelishuhudia kwa macho yetu mahali ambapo hatukulitazamia, nako ni Dodoma, katikati ya bara, mbali na bahari na mbali na mikarafuu.

Safari yenyewe ilikuwa ya Nane Nane. Mwaka 2024 maonyesho ya kitaifa ya wakulima yalifanyika katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, na sisi tulikwenda watu wanne kutazama mashine za kukaushia mazao. Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, kisha tukapanda treni mpya ya umeme, ambayo ilikuwa imezinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo huo. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja wa Kigogo, rafiki wa siku nyingi wa mmoja wetu, naye alitupa vyumba viwili nyumbani kwake pembezoni mwa mji.

Asubuhi ya kwanza tulipewa maji ya kuoga katika ndoo. Kabla hatujatia kata, harufu ilitupanda puani, harufu ya yai viza hasa. Mzee akatuomba radhi, akasema, "Wageni wangu, kisima changu kimeanza vitendo hivi tangu mwezi wa Sita. Maji ya bomba yapo, lakini huja kwa zamu, na haya ndiyo yanayotusaidia." Ndani ya nyumba alikuwamo mkwewe mwenye mtoto wa miezi mitatu, na mtoto yule alikuwa akinyweshwa maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji hayo hayo, baada ya kuchemshwa. Tuombe msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

NCHI YENYE KIU

Yafaa kwanza tueleze Dodoma ni nchi ya namna gani kwa habari ya maji. Mji upo juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, nayo ni kiasi cha milimita 550 hivi kwa mwaka. Sisi wa Pemba hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Miezi iliyobaki ni jua na vumbi, na mito huwa michanga mitupu. Tangu zamani Wagogo wamekuwa wakifukua mchanga wa mito hiyo wapate maji yaliyojificha chini.

Maji mengi ya mji hutoka katika visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa kaskazini. Huko kina cha maji kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo ni katika zile ndefu kabisa za namna yake katika Afrika ya kitropiki. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza waliyoyaona katika kumbukumbu hizo: maji ya chini hayaongezeki kila mwaka, bali huongezeka hasa katika miaka michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Miaka mingine watu huchota akiba tu.

Nao watu wamezidi. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Nyumba zimejengwa upesi kuliko mabomba ya maji safi na ya maji machafu. Kwa hiyo katika viwanja vingi utakuta kisima na shimo la choo katika ua mmoja, vikitazamana.

KIJANA WETU NA FUNDI

Siku ya pili Mzee alimwita fundi wa visima. Kisima kilikuwa cha kuchimbwa kwa mkono, upana wake mita 1, kina chake mita 12, na maji yalikuwa yamebaki kiasi cha mita 3. Mfuniko wake wa mbao ulikuwa umeoza upande mmoja, na juu yake ulisimama mwarobaini uliokuwa ukipukutisha majani mle ndani.

Tulikuwa na kijana wetu mmoja, mchumaji hodari wa karafuu. Akavua viatu akasema, "Mimi hupanda mkarafuu mpaka kileleni bila ya wasiwasi. Kushuka mita tisa ni kitu gani?" Na kamba alikuwa amekwisha kuishika.

Fundi alimnyang'anya kamba ile. Hakukasirika, lakini sauti yake ilibadilika. "Mwanangu," alisema, "juu ya mti kuna hewa. Humu huijui iliyomo." Kisha akatusimulia kwamba aliwahi kuitwa katika kijiji kimoja akakuta watu wawili wamekwisha kufa kisimani. Wa kwanza alishuka kutafuta ndoo iliyokatika kamba, akaanguka. Wa pili alikuwa nduguye, akashuka upesi kumwokoa, naye asirudi. Wa tatu alikuwa tayari kushuka, ila wazee walimfunga mikono.

Hadithi hii si ya kijiji kile peke yake. Katika nchi nyingi hutokea hivyo hivyo, na mara nyingi anayekufa wa pili na wa tatu ni mwokozi. Sababu yake ni hii. Ndani ya kisima kuna hewa za namna kadhaa ambazo zaweza kukusanyika. Hewa ya kaboni, ile tunayoitoa tunapopumua, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hulala chini na kuifukuza hewa njema. Hewa ya kiberiti, ndiyo hiyo yenye harufu ya yai viza, nayo ni nzito na ni sumu. Hewa ya methani, itokayo katika uchafu uliooza pasipo upepo, haina harufu, nayo huwaka na kuripuka ikikutana na moto.

Hapo twapenda kusahihisha mambo mawili ambayo wengi wetu tumerithi.

La kwanza ni habari ya taa. Wazee wetu walikuwa wakiteremsha fanusi kisimani; ikizimika, hawashuki. Taa kuzimika ni dalili ya kweli kwamba hewa ya kupumua ni haba. Lakini taa kuendelea kuwaka si amani. Hewa ya kiberiti yaweza kuwapo kwa kiasi cha kuua na taa isizimike, na ikiwa kuna methani, taa hiyo hiyo ndiyo itakayoripua kisima. Siku hizi viko vyombo vidogo vya kupimia hewa ambavyo huteremshwa kwa kamba, na fundi asiye navyo asishuke.

La pili ni habari ya pua. Hewa ya kiberiti ikiwa kidogo, pua huijua mara moja. Ikizidi sana, huua nguvu ya kunusa, na mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe hatari imezidi. Basi mtu asiseme, "Sasa hakunuki, tushuke."

Tena mashine ya petroli ya kuvutia maji isiwekwe ndani ya kisima wala kwenye ukingo wake. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na imekwisha kuua mafundi wengi.

HARUFU HUTOKA WAPI?

Kisima cha Mzee kilisafishwa bila ya mtu kushuka. Fundi alivuta maji kwa mota ya umeme, akatoa tope na majani kwa ndoo nzito ya chuma yenye mdomo wa kuchotea. Tope lilikuwa jeusi tititi, na harufu yake ilitufukuza sote mpaka kivulini.

Fundi alituonyesha tope lile akatueleza. Majani, mende, na panya wanapoanguka kisimani huoza. Uozo hutumia hewa iliyomo ndani ya maji mpaka ikaisha. Hapo huingia vijidudu vya namna nyingine, ambavyo haviishi kwa hewa bali hutumia chumvi ya salfeti iliyoyeyuka katika maji, na takataka yao ni hewa ya kiberiti. Ndiyo maana harufu huzidi wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa machache na hayachotwi sana, na ndiyo maana tope la chini huwa jeusi.

Wanachama wetu wenye visima chini ya mikarafuu na miembe wataona wenyewe jambo linalowahusu. Majani hupukutika mwaka mzima, na wakati wa mavuno makonyo hutupwa popote. Kisima kisicho na mfuniko mzima ni jaa la kuozeshea.

Kuna njia nyepesi ya kupambanua. Chota ndoo ya kwanza ya alfajiri uinuse, kisha chota ndoo 20 uinuse tena ya mwisho. Ikiwa harufu imepungua au imekwisha, aghalabu ubovu umo ndani ya kisima au ndani ya mpira wa kuvutia. Ikiwa harufu ni ile ile, huenda inatoka katika ardhi yenyewe, na kusafisha kisima hakutaiondoa kwa siku nyingi. Maji ya namna hiyo hufaa kupitishwa hewani, yaani kumwagwa kutoka chombo kimoja mpaka kingine mahali pa wazi, au kudondoshwa katika tangi kwa matundu madogo, na hewa ya kiberiti itapaa ijiendee.

Harufu ya mafuta ni jambo jingine kabisa. Jirani wa Mzee, nyumba ya tatu, alikuwa na kisima kilichonuka mafuta ya taa, na juu ya maji palikuwa na utando wenye rangi kama za upinde wa mvua. Alikuwa akiyachemsha. Tulimsihi aache siku ile ile. Petroli na mafuta ya taa hayafi kwa kuchemshwa kama vijidudu. Hupanda pamoja na mvuke na kuingia kifuani mwa mpishi, na yaweza kushika moto. Wala dawa ya klorini haifai kitu hapo. Petroli ina kitu kiitwacho benzini ambacho kinajulikana kuwa huleta saratani, na kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba lita 1 ya maji isiwe na zaidi ya miligramu 0.01 ya benzini. Kisima cha namna hiyo hufungwa, hakiteremshiwi taa wala mota, na habari hupelekwa kwa wakuu wa maji na wa mazingira ili watafute mafuta yanavuja wapi: kwenye tangi la chini ya ardhi, au kwenye karakana inayomwaga mafuta machafu.

KUTIA DAWA KISIMANI

Baada ya kutoa tope, fundi alizisugua kuta kwa brashi yenye mpini mrefu, akakiacha kisima kijae tena, kisha akatia klorini. Hesabu yake ni rahisi, nasi twaiandika ili kila mwanachama aiweke.

1. Pima upana wa kisima na kina cha maji. Kisima cha mviringo chenye upana wa mita 1 hubeba lita 785 hivi kwa kila mita 1 ya kina cha maji. Kisima cha Mzee, chenye mita 3 za maji, kilikuwa na lita 2,355.

2. Tumia klorini ya maji isiyo na manukato. Ikiwa kibandiko cha chupa chasema asilimia 5, tia lita 1 kwa kila lita 1,000 za maji. Ikiwa chasema asilimia 3.5, tia lita 1 na nusu. Kwa Mzee, dawa ya asilimia 5, tulitia lita 2 na nusu kasorobo.

3. Changanya dawa na maji katika ndoo kwanza, umimine kwa kuzungusha ili ioshe kuta. Usichanganye klorini na dawa nyingine yo yote ya kusafishia, hasa zenye asidi, maana hutoka hewa ya sumu.

4. Funika kisima kutwa na kucha. Mtu asichote.

5. Kesho yake vuta maji uyamwage mbali na bustani, mpaka harufu kali ya klorini iishe.

6. Tengeneza mfuniko mzima, ukingo uliopanda juu ya ardhi, na sakafu ya saruji yenye mfereji wa kuondolea maji yanayomwagika. Bila ya haya, kazi yote itakuwa bure kabla ya mvua ya pili.

Siku mbili baadaye maji ya Mzee yalikuwa meupe, hayanuki kitu. Mama mwenye nyumba alipika chai akatuita sote. Tulifurahi, na twakiri kwamba tulidhani kazi imekwisha.

KISICHO NA HARUFU

Fundi peke yake hakuridhika. Kabla ya kuondoka alipima kwa hatua kutoka kisimani mpaka shimo la choo cha jirani, akapata mita 11. Akamwambia Mzee, "Baba, chukua chupa safi, uyapeleke maji haya maabara ya maji. Harufu tumeiondoa. Maji hatujayajua." Mzee alifanya hivyo, nasi tukarudi nyumbani.

Wiki tatu baadaye tulipata ujumbe wake katika simu. Maji hayana harufu, lakini nitrati imezidi kipimo, na vijidudu vya kinyesi vimeonekana.

Nitrati ni chumvi itokayo katika kinyesi na mkojo uliooza, na katika mbolea. Haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 katika lita 1 ya maji. Huko Dodoma jambo hili si geni: mwaka 1996 mtaalamu H. Nkotagu alichapisha uchunguzi wake juu ya nitrati nyingi katika maji ya chini ya eneo hilo, akaonyesha kwamba asili yake ni maji machafu ya watu. Tena liko jambo la ajabu kidogo. Vijidudu vya tope lisilo na hewa hula nitrati. Huenda basi tope lile jeusi lilikuwa likiificha, na kisima kiliposafishwa na maji mapya kuingia, nitrati ikaonekana.

Sasa tumrudie mtoto wa miezi mitatu. Kwa mtu mzima nitrati ya kiasi hicho haileti ugonjwa wa ghafula. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, hasa anyweshwaye maziwa ya kopo, hugeuza damu isiweze kubeba hewa vizuri, na mtoto huanza kuwa na rangi ya buluu midomoni na kwenye kucha. Yaweza kumwua. Na kuchemsha, ambako mama yule alikuwa akikufanya kwa uangalifu mkubwa, huua vijidudu lakini hakuondoi nitrati. Maji yakipungua kwa mvuke, nitrati iliyobaki huzidi kukolea. Klorini nayo haiiondoi.

Kadhalika floraidi, ambayo ni ya asili katika ardhi ya mikoa kadhaa ya bara, Singida ikiwa mmojawapo. Ikizidi miligramu 1.5 katika lita, huharibu meno ya watoto, na ikizidi sana huharibu mifupa. Nayo haisikiki kwa pua wala kwa ulimi, na kuchemsha hakuisaidii.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Harufu ya kisima kile ilikuwa mbiu tu, nasi tungaliweza kuinyamazisha mbiu tukalala usingizi.

KWETU VISIWANI

Wanachama wasidhani kwamba haya ni ya Dodoma. Sehemu kubwa ya Unguja, na baadhi ya pwani za Pemba, ni jiwe la matumbawe lenye nyufa, na maji ya chooni hupita humo upesi kuliko katika udongo. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na kisiwe upande wa juu wake. Penye jiwe la nyufa hata mita hizo zaweza zisitoshe. Mripuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 na 2016, uliofika kwetu pia, ulitukumbusha thamani ya maji safi. Na wenye visima karibu na bahari wanajua kwamba kuvuta maji mengi mno huikaribisha chumvi.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama mambo matatu. Kila mwenye kisima apige hatua kutoka kisimani mpaka kwenye choo kilicho karibu, kiwe chake au cha jirani. Kila nyumba yenye mtoto mchanga ipimishe maji maabara, hata kama yanang'aa na hayanuki. Waulizeni watu wa Mamlaka ya Maji, nao watawaelekeza. Na asiruhusiwe mtu ye yote, hata awe mchumaji hodari namna gani, kushuka kisimani kwa ajili ya ndoo. Ndoo hununuliwa.

Mzee wetu wa Dodoma ametuletea picha. Kisima kina mfuniko mpya wa saruji, na juu yake pameandikwa kwa rangi nyekundu: SI YA KUNYWA. Maji yake hufulia na kumwagilia mchicha. Ya kunywa na ya kukorogea maziwa ya mtoto huchotwa bombani siku ya zamu na kuwekwa katika madumu yenye vifuniko. Mjukuu wake, asema, amekwisha kuota meno mawili.

Mwanachama mwenye swali, au aliye na kisima kinachomtia shaka, na apeleke habari kwa katibu wa tawi lake. Ataje kina cha kisima, umbali wa choo, na aina ya harufu ikiwa ipo. Majibu tutayachapa katika kurasa hizi ili yawafae wote.